Kutoka Langoni Hadi Kwenye Faili

Zamani kidogo, aliyetafuta kazi katika viwanda vya Eldoret alidamkia langoni. Nyapara alitoka, akakagua mabega na mikono, akaita watu kumi au ishirini. Waliosalia wakarudi mitaa ya Langas au Huruma kungojea kesho. Ofisi ya wafanyakazi ilikuwapo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa daftari la mahudhurio na bahasha za mishahara. Kufutwa nako hakukuwa na mlolongo: msimamizi alisema neno moja, jina likapigwa mstari.

Leo mkurugenzi anayejua mambo hamfuti hata mfagiaji kabla hajazungumza na meneja wa rasilimali watu. Si kwamba wakubwa wameingiwa na huruma. Kilichopanda ni gharama ya kukosea, na iliyoipandisha ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007.

Tuseme mshonaji wa kiwanda anashikwa getini na kipande cha kitambaa ndani ya mkoba. Msimamizi amefura, anataka kijana aondoke papo hapo. Kifungu cha 41 kinamzuia. Mfanyakazi lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha asikilizwe, hata kama kosa ni zito kiasi gani. Kwa hiyo kunaandikwa barua ya kumtaka ajieleze, kunaitishwa kikao, na mtu ananukuu yanayosemwa. Yote hayo yanaingia kwenye faili.

Msimamizi akiruka hatua hizo, huenda kijana akashinda kesi ingawa kitambaa kilionekana na kila mtu. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kwa anayepata shilingi 25,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 300,000, kwa sababu ya kipande ambacho pengine hakizidi shilingi 500. Tena, mwajiri asipoweza kuonyesha mkataba wa maandishi ambao sheria inamdai, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Katiba ya 2010 iliongeza uzito kwa kuagiza iundwe mahakama maalumu ya masuala ya ajira, nayo ina kituo papa hapa Eldoret. Mlalamishi wa Uasin Gishu halazimiki kutafuta nauli ya Nairobi.

Mwaka 2012 kazi yenyewe ya rasilimali watu ikapata sheria yake, inayotaka wanaoifanya wasajiliwe kama wanataaluma. Makato ya mishahara nayo yakazidi kuongezeka: akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHIF, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao mwajiri hulipa kiasi sawa na cha mfanyakazi.

Lakini ofisi inayoishia kukwepa kesi haijafika mbali. Tazama Rivatex. Kiwanda hicho cha nguo cha hapa Eldoret, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kilianguka mikononi mwa warasimu mwishoni mwa miaka ya 1990, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kisha kikazinduliwa upya Juni 2019 kikiwa na mitambo iliyogharimiwa na mkopo wa India. Mitambo huagizwa, ikafungwa, ikawashwa. Fundi anayesikia uzi unakaribia kukatika kabla haujakatika haagizwi kwa meli. Kiwanda kikifungwa, watu wa namna hiyo hutawanyika: huyu shambani, yule dukani, mwingine kwa mshindani. Ndiyo maana kununuliwa na chuo kinachofundisha uhandisi wa nguo kulikuwa jambo kubwa kwa Rivatex kuliko inavyodhaniwa. Nadhani hapo ndipo rasilimali watu hupimwa: kujua ni nani anayejua nini, nani anakaribia kustaafu, na nani anafunzwa kushika nafasi yake.

Nyapara, hata hivyo, hajatoweka. Siku hizi anaweza kuwa wakala anayeleta vibarua, akiwabadilisha mara kwa mara ili asiwepo anayefikisha mwezi wa kazi mfululizo, maana hapo kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira humhesabu kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Hesabu hiyo ya siku huwekwa kwa uangalifu mkubwa, na mara nyingine anayeiweka ni ofisi ileile ya rasilimali watu.