Samaki muzuri, miiba ya sumu

Ndugu musomaji, unajua kama kuko watu kule Marekani na Ulaya wanaofuga samaki wa sumu ndani ya nyumba? Ni samaki-simba, wa jamaa ya samaki-nge, mwenye kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wanamuweka mu sanduku ya kioo yenye maji ya chumvi.

Ni muzuri kabisa, lakini yuko na miiba 18 ya sumu. Ukiingiza mukono bila kuangalia, atakuchoma. Basi utie mukono mu maji ya moto, degre 45 hivi, usiungue. Moto unavunja nguvu ya sumu. Kisha kimbia kwa munganga.

Wengine, wakimuchoka, walimutupa baharini. Mwaka 1985 alionekana Florida. Leo anamaliza samaki wadogo wa Karibi. Kijana, munyama uliyechagua kufuga, umuchunge mpaka mwisho.