Hesabu Yenye Tarakimu 21

Tafadhali twaeni kalamu, mwandike hesabu hii: 147,573,952,589,676,412,927. Hupatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili, na tena kwa mbili, hata zitimie mbili 67, kisha kutoa moja.

Mwaka 1644 padre Marin Mersenne wa Ufaransa alitangaza kuwa hesabu hii ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Neno lake lilikaa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1876 Mfaransa mwenziwe, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa yagawanyika. Lakini kwa hesabu zipi, hakutaja.

Wanafunzi wangu hapa hunikatalia. Mtu ajuaje kuwa kitu chagawanyika, asijue vigawanyo vyake? Huwajibu kwamba mnunuzi wa chungu hukigonga, akajua kwa sauti kuwa kina ufa asiouona kwa macho. Lucas naye alikuwa na kipimo cha kugonga hesabu, na hii haikulia sawasawa.

Ufa wenyewe ulionekana Oktoba 1903. Frank Nelson Cole, Mmarekani, alisimama mbele ya wanahesabu wenziwe mjini New York, na husimuliwa kuwa hakunena neno. Aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha, akaketi. Wenziwe wakapiga makofi. Yasemekana kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Leo mashine huimaliza kufumba na kufumbua.

Aliye na karatasi na azidishe. Tarakimu ya mwisho ni rahisi: moja mara saba.