Zone Industrielle: Bei ya Kushuka Chini ya Ardhi

Mwenye kiwanja Zone Industrielle, Bujumbura, akitaka stoo ya chini ya ardhi hupewa profoma mbili tatu za kuzuia maji, naye huzilinganisha kwa bei ya mita moja ya mraba. Kipimo hicho kinapotosha. Swali la kwanza ni maji ya ardhini yamesimama wapi chini ya kiwanja chake, na jibu lake halimo kwenye profoma yoyote.

Mtaa huu uko kwenye tambarare ya Imbo, upande wa bandari, Mto Ntahangwa ukipita karibu. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo likijaa hupungua kwa kujikokota. Mwaka 1964 lilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2021 na 2024 lilipanda tena, likaingia majumbani Gatumba, Kajaga na Kibenga, na Aprili 2024 serikali ya Burundi ikaomba msaada wa nje. Ziwa linapopanda, maji yaliyo ardhini kando yake hupanda pia, hata kama uani kwako kumekauka kabisa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye shimo la majaribio, lenye kina cha kupita sakafu unayoikusudia. Lichimbwe Aprili au Mei, mvua zikielekea kwisha na ziwa likiwa juu. Shimo la Agosti hufurahisha macho, na fundi mwenye haraka ya kuanza kazi atakuonyesha hilo hilo.

Sasa gharama. Bei za faranga nitaziacha, maana hubadilika wino haujakauka, na saruji ikiadimika bei rasmi na bei ya dukani huwa vitu viwili. Tuhesabu kwa vifaa. Stoo yetu iwe mita 6 kwa 8, kina mita 2.5: sakafu mita za mraba 48, kuta 70.

Rahisi kuliko zote ni plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Kwa unene wa sentimita 2, saruji moja kwa mchanga tatu, kuta hizo zinakula kama mifuko 14 ya kilo 50, na dawa ya unga kwa kawaida huwekwa kilo moja kwa mfuko. Inatosha pale ambapo tatizo ni unyevu tu. Maji yanayosukuma ni jambo jingine: kila mita moja ya kina cha maji inasukuma kwa uzito wa tani moja kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa matofali ukitikisika kidogo, plasta hupasuka, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kulowesha magunia ya unga.

Inayofuata ni lami. Ile ya kupaka ikiwa baridi ni kinga ya unyevu, na wauzaji wengi huisifu kupita uwezo wake. Karatasi za lami za kuchomwa kwa moto wa gesi ndizo zinazozuia maji kweli. Bunda la mita 10 likishapandishwa kingo hufunika kama mita 9 za mraba. Stoo yetu yote, kuta na sakafu, itataka mabunda 14 hivi. Ni bidhaa ya kuagizwa, kwa hiyo bei yake inafuata dola. Tena inadai ukuta mkavu, fundi aliyezoea, na nafasi ya kufanyia kazi upande wa nje. Ukisharudisha udongo, hakuna kurekebisha kwa bei ndogo. Maji huingia kwenye tundu moja, yakasafiri nyuma ya karatasi, yakatokea pembe nyingine kabisa.

Kwa jengo ambalo tayari limesimama, kufukua nje ya kuta ni hatari kwa msingi wenyewe. Ghorofa la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoanguka Novemba 2024, taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kupanua sehemu ya chini. Kwa jengo lililokwisha kusimama, chaguo langu ni rangi ya saruji ya kuzuia maji, inayopakwa ndani. Inashikana na zege, haibanduki kama lami inayosukumwa kutoka nyuma. Ukihesabu hadi kilo 2 kwa mita ya mraba, stoo nzima itataka kama kilo 240. Udhaifu wake ni ufa unaoendelea kufunguka. Huo sharti uzibwe kwanza. Kwa mashimo ya gereji, matangi ya maji na mashimo ya mizani ya malori, sioni haja ya kutafuta kingine.

Mabomba yenye matundu na kokoto kuzunguka msingi ni njia nafuu sana huko milimani, ambako maji hujiteremkia yenyewe. Zone Industrielle hayana pa kuteremkia, kwa hiyo unalazimika kuweka pampu. Pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi saa 10 kwa siku inakula uniti 225 kwa mwezi, mvua baada ya mvua. Umeme ukikatika unategemea jenereta, na jenereta inategemea mafuta, ambayo Bujumbura tunajua yanavyopatikana. Profoma ya pampu ndiyo huonekana ndogo kuliko zote siku ya kwanza.

Ukishagundua kwamba maji ya ardhini yamesimama juu ya kiwango cha sakafu unayoikusudia, kinachobaki ni sanduku la zege la nondo: sakafu sentimita 30, kuta sentimita 25. Ni mita za ujazo 32, yaani mifuko zaidi ya 220 ya saruji na kama tani 3 za nondo. Wengi hapa husahau kwamba sanduku huelea. Maji yakisimama mita 1.5 juu ya upande wa chini wa sakafu yanaliinua kwa tani 72, wakati lenyewe lina tani 77 hivi. Usizime pampu inayokausha shimo wakati wa ujenzi kabla jengo la juu halijaongeza uzito wa kutosha, na hesabu hiyo aifanye mhandisi. Zege lisizidi lita 22 za maji kwa mfuko; vibarua hupenda kuongeza ili limiminike vizuri, na hapo ndipo mapito ya maji yanapozaliwa. Mahali sakafu inapokutana na ukuta, dai mkanda wa kuzuia maji, uuone kwa macho kabla ya kumwaga.

Linganisha na kuinua kiwanja badala ya kushuka. Kujaza eneo lile lile kwa mita moja ya kifusi kilichoshindiliwa ni malori manane hivi ya mita za ujazo 7 au 8, pamoja na ukuta wa kukishikilia. Unapoteza chumba cha chini, bidhaa zinabaki kavu, na huna pampu ya kulisha. Kwa mfanyabiashara wa unga, sukari au nguo ningesema ainue, hata kama ramani yake ina chumba cha chini kizuri.

Mwenye kuamua kushuka hata hivyo aandikishe kwenye mkataba kwamba sehemu ya malipo ya fundi itabaki mkononi mwake hadi mvua za Aprili zipite na sakafu ikaguliwe ikiwa wazi, kabla ya kupangwa gunia hata moja.