Kodi ya mapato kwa wahitimu wa kigeni nchini Marekani

Kodi ya mapato kwa wahitimu wa kigeni nchini Marekani hutozwa mishahara ya watu waliosoma huko kwa viza ya F-1, kisha wakabaki kufanya kazi.

Mhitimu huanza kwa kuomba kibali cha OPT, kinachomruhusu kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12. Waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Anayetaka kubaki zaidi kwa kawaida huhitaji mwajiri wa kumwombea viza ya H-1B. Viza mpya za aina hiyo ni 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 kwa wenye shahada za uzamili au uzamivu za Marekani, na waombaji huzidi idadi hiyo. Vyuo vikuu, hata hivyo, havibanwi na kikomo hicho.

Katika kodi, jambo la kuangalia kwanza ni mwaka wa kuingia nchini. Kwa miaka 5 ya kwanza ya kalenda, mwenye F-1 kwa kawaida huhesabiwa kuwa si mkaazi, na mwaka aliofika huhesabiwa mzima hata kama aliingia Desemba. Aliyefika mara ya kwanza Agosti 2021 alimaliza miaka hiyo tarehe 31 Desemba 2025. Katika kipindi hicho mtu hujaza fomu 1040-NR, wala hapaswi kukatwa michango ya hifadhi ya jamii (asilimia 6.2) na ya Medicare (asilimia 1.45). Hapo ndipo fedha hupotea: mwajiri asiyezoea wageni akikata kwa makosa, mwenye mshahara wa dola 40,000 hupoteza dola 3,060 kwa mwaka. Mfanyakazi humdai kwanza mwajiri. Asiporudishiwa, hupeleka fomu 843 kwa mamlaka ya kodi, IRS.

Upande wa pili si mzuri hivyo. Asiye mkaazi hapati punguzo la kawaida wanalopewa wakaazi. Wanafunzi kutoka India hulipata kwa mkataba wa nchi yao, lakini Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Anayejaza fomu 1040 ya wakaazi kwa kutojua anaweza kurudishiwa fedha nyingi kuliko haki yake, kisha akadaiwa pamoja na riba.

Majimbo nayo hutofautiana: Texas na Florida hazitozi kodi ya mishahara, California hutoza. Fomu za mfanyakazi hutakiwa kufika kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Aprili kupita.