'Joto la chumba' la YouTube si la Wasini: Krimu ya siagi isiyoyeyuka kabla ya Idi

Kama umewahi kutafuta mtandaoni jinsi ya kutengeneza krimu ya siagi ya kupambia biskuti, basi hii sentensi waijua: “Acha siagi ilainike kwa joto la chumba.” Inasemwa na dada mmoja aliye jikoni kwake huko Marekani au Uingereza, sweta mwilini, dirisha limefungwa.

Joto la chumba chake ni nyuzi 18 hadi 21. Chumba chako wewe hapa Wasini, Februari saa saba mchana, kinacheza kwenye nyuzi 30 na zaidi. Siagi huanza kuyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35. Yaani mwenzako akisema “lainisha”, wewe ushapata samli.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema mambo ya krimu ni ya watu wa Nairobi. Sivyo. Ni kwamba umepewa maelekezo ya hali ya hewa isiyo yako. Hebu tuyaandike upya, kwa kipimo cha kisiwa.

Kwa nini sasa

Angalia kalenda. Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 tuliisali tarehe 10 Aprili, masika yakipiga hodi. Mwaka 2025 ikaja mwisho wa Machi. Mwaka 2026 ni karibu na tarehe 20 Machi, na ifikapo 2028 itakuwa mwisho wa Februari. Ina maana kwa miaka kadhaa ijayo Idi ul-Fitr itatua katikati ya kaskazi, wakati ambao hata upepo ukija huja moto.

Na ndio wakati huo huo biskuti zinatafutwa zaidi. Kila nyumba yataka sinia la wageni. Watoto siku hizi hawatosheki na biskuti kavu; wameona kwenye simu biskuti ya mwezi na nyota, ina rangi, ina maua. Mama zao watalipa. Swali ni watakulipa wewe, au watamtuma mtu anayekwenda Ukunda awaletee?

Kwa kijana ambaye hana boti, hana kazi hotelini, na hajapata zamu ya kutembeza wageni, oda ishirini za Idi si mchezo. Lakini oda moja iliyoyeyuka njiani itasimuliwa Wasini kijijini na Mkwiro kabla hujarudi nyumbani. Kisiwa hiki hakina gari hata moja, lakini habari zake zinakimbia.

Kwanza biskuti yenyewe

Krimu nzuri juu ya biskuti iliyotawanyika ni kama kilemba kwenye kichwa cha samaki. Anza na unga.

Chukua siagi gramu 250, sukari ya kawaida gramu 200, yai moja, unga wa ngano gramu 400 hadi 430, chumvi kidogo na iliki ya kusaga au arki ya vanila. Hamira ya unga achana nayo. Biskuti ya kupambwa haitakiwi kuumuka, yatakiwa itoke ikiwa na umbo lile lile ulilokata.

Piga siagi na sukari zichanganyike tu, usizipige hadi zijae hewa kama za keki. Tia yai, kisha unga. Sukuma donge unene wa nusu sentimita, likate, halafu lipoze kabla ya kuoka. Siagi ikiingia motoni ikiwa baridi, unga hushika kabla haijatiririka, na nyota yako itatoka na ncha tano.

Huna oveni? Bibi yako hakuwa nayo pia, na vileja alivipika. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini, trei juu yake, mfuniko, kisha palia makaa juu na chini. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua matako na uso ubaki mweupe. Dakika 10 hadi 12, kingo zikianza kugeuka rangi, toa.

Halafu subiri zipoe kabisa. Sio vuguvugu. Kabisa. Biskuti yenye moto chini ya krimu ni jiko dogo.

Krimu: namba za kaskazi

Kanuni ya kawaida ni sehemu moja ya siagi kwa sehemu mbili za sukari ya aisingi, ile laini kama poda. Gramu 250 kwa gramu 500. Uwiano huo uweke, lakini hizo gramu 250 za mafuta zigawe.

Siku ya kawaida ya kusi, siagi gramu 150 na mafuta meupe magumu ya kupikia gramu 100. Siku ya kaskazi kali, geuza: siagi 100, mafuta meupe 150. Mafuta meupe hustahimili joto kuliko siagi, tena hayana maji ndani. Siagi ya kawaida ina maji kama asilimia 16, na maji hayo ndiyo hulegeza krimu. Lakini usitoe siagi yote. Ladha inatoka kwake, na mlaji ataijua krimu ya mafuta matupu. Inaganda juu ya ulimi kama nta.

Majarini laini ya kupaka mkate, ile ya kopo la plastiki, iache kwa chai ya asubuhi. Imetengenezwa ili iwe laini, na wewe wataka kitu kinachosimama.

Chekecha sukari. Unyevu wa bahari huifanya ishikane vidonge, na kidonge kimoja kikiziba tundu la mfuko wako wa kupambia, ua litapasuka mkononi.

Piga mafuta pekee kwa dakika tatu mpaka yawe meupe, halafu tia sukari kwa mafungu manne. Chumvi kidogo sana, nchani mwa kisu, ili utamu usikere. Arki kijiko kimoja cha chai. Ukipenda ladha ya nyumbani, tia arki ya waridi au iliki iliyochekechwa laini.

Maziwa? Video zote zinasema tia vijiko viwili vya maziwa. Wewe usitie. Krimu yako tayari ni laini kwa sababu ya joto, na maziwa mabichi pasipo friji ni kuharibika kunakosubiri saa. Ikiwa nzito mno, tone la maji yaliyochemshwa yakapoa latosha. Na ile krimu ya ute wa yai iachie wenye kipimajoto na friji ya uhakika.

Mchanganyiko huu unakupa gramu 750 hivi. Ukiweka gramu 15 hadi 20 kwa kila biskuti, unapamba kati ya 37 na 50.

Baridi bila friji

Sasa hapa ndipo kisiwa kinakupendelea. Maji baridi ya kuchemka Wasini ni ya hesabu. Tangu zamani tumetegemea mvua na majabia, na hakuna atakayekubali umwage ndoo ya maji matamu kwa ajili ya maua ya biskuti. Lakini maji ya chumvi yamekuzunguka pande zote.

Weka barafu kwenye beseni, mimina maji ya bahari kidogo, kisha kalisha bakuli lako la krimu juu yake. Chumvi hufanya barafu iyeyuke kwenye baridi kali zaidi, hivyo beseni hilo hupoa kuliko lingekuwa na maji matamu. Kaa macho tu. Kingo za krimu zikianza kuwa ngumu, inua bakuli, koroga, rudisha. Na maji hayo yasiruke ndani.

Barafu wengi huipata kwa wanaofanya kazi ya samaki upande wa Shimoni. Sawa, lakini sikiza: siagi hunyonya harufu kama pamba. Usiweke siagi wala krimu kwenye kasha lililobeba changu jana, hata kama limeoshwa. Nunua barafu safi, itie kwenye chombo chako, na kinachoingia mdomoni kisiguse barafu hiyo. Hakuna rangi itakayoficha harufu ya samaki kwenye biskuti ya vanila.

Kujua kama krimu iko tayari, chota kwa kijiko, kipindue. Ikibaki na ncha yake ikiwa imesimama, endelea. Ikiteremka polepole, rudi kwenye barafu. Ikidondoka, barafu kwanza, halafu ongeza sukari gramu 50. Ukikimbilia kuongeza sukari kabla ya kupoza, utaishia na tope tamu.

Mfuko na rangi

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na kuanzia 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa kwenye hifadhi na fuo zilizolindwa. Hapa jirani yetu ni Kisite-Mpunguti, ambako wageni huja kutazama pomboo na matumbawe, na nusu ya kijiji hula kwa pato la wageni hao. Basi tumia karatasi ya kuokea, ikunje pembe kama ya muuza njugu, kata ncha. Au nunua mfuko wa kitambaa unaofuliwa. Kabla ya kuosha, futa mafuta kwa karatasi. Utaokoa maji matamu mengi.

Shika mfuko kwa juu, sio tumboni. Kiganja chako kina nyuzi karibu 35, na krimu iliyo karibu na mkono ndiyo huyeyuka kwanza. Jaza kidogo kidogo, nusu kikombe basi.

Rangi ya maji haipatani na mafuta, utaona madoa. Tafuta ya jeli au ya unga. Tengeneza rangi mapema, iache saa kadhaa, itakolea yenyewe. Wengi huongeza na kuongeza, wakifika jioni buluu ishakuwa wino.

Usiku ndio wako

Ramadhani mchana huwezi kuonja, na krimu isiyoonjwa ni kamari. Kwa hiyo fanya kazi yako baada ya tarawehe. Kumepoa, ulimi una ruhusa, na watoto wamelala. Oka biskuti siku mbili kabla, zifungie kwenye mkebe usiopitisha hewa, maana sukari huvuta unyevu na biskuti iliyoachwa wazi hulegea. Pamba usiku wa mwisho, kabidhi asubuhi.

Kama oda ni ya Diani, fikiri tena. Kuna boti hadi Shimoni, kuna gari hadi barabara kuu, halafu Ukunda. Juani. Kwa safari hiyo paka biskuti nzima aisingi ya sukari na maji ya ndimu, ambayo hukauka ikawa ngumu na haina mafuta ya kuyeyuka, kisha weka ua moja dogo la krimu katikati. Mteja anaona maua, nawe unalala usingizi.

Bei usiibahatishe

Hapa vijana wengi hujidhulumu. Chukua mfano tu, bei utaweka za dukani kwako. Tuseme vitu vyote ni shilingi 1,200, makaa 100, boti na gari 400, maboksi 300. Jumla 2,000. Ukitoa biskuti 40, kila moja imekugharimu 50 kabla hujajilipa. Ukijilipa saa sita kwa shilingi 100 kila saa, jumla ni 2,600, yaani 65 kwa biskuti. Ukiuza 60 kwa sababu shoga yako amesema “nipunguzie”, umejikata ujira wako shilingi tano kwa kila biskuti.

Na zikiyeyuka tano njiani, zile 35 zilizobaki zinabeba gharama yote: zaidi ya shilingi 74 kila moja. Ndio maana beseni la barafu si mapambo.

Ukiona oda zinaongezeka, fanya mambo kisheria mapema. Cheti cha uchunguzi wa afya cha wanaoshika chakula, ambacho huhuishwa kila miezi sita, na leseni ya biashara ya kaunti. Afisa wa afya akija, umwoneshe karatasi. Na hoteli yoyote ya maana itakuuliza hizo kabla ya kuonja.

Vileja havijaenda popote

Kuna wazee watakaosema haya ni mambo ya kizungu, tuna visheti, tuna kaimati, tuna vileja vya unga wa mchele na samli. Wana haki. Kileja kimevumilia joto hili vizazi na vizazi kwa sababu kilibuniwa hapa hapa. Lakini hakuna aliyesema uchague. Ua dogo la krimu yenye iliki juu ya kileja ni kitu ambacho yule dada wa sweta hawezi kukufundisha, kwa sababu hajawahi kukionja.

Anza na nusu ya kipimo wiki hii, kabla oda hazijaingia. Weka biskuti moja iliyopambwa kwenye kivuli cha baraza saa saba mchana, uhesabu dakika mpaka ua lilegee. Hiyo namba ndiyo utakayomwambia mteja.