Kabla ya Kununua Mashine Nyingine ya Kufulia, Jua Kilichoiua ya Kwanza

Mashine ya kufulia ikifa, mwenye nyumba hufunga safari ya Kariakoo, huulizia inayofanana na ile aliyokuwa nayo, huipakia kwenye kirikuu na kuirudisha Mbagala au Bunju. Inafungwa kwenye bomba lilelile, inachomekwa kwenye soketi ileile, na baada ya muda inakufa kwa ugonjwa uleule. Hasara hii ya mara mbili inaumiza, hasa kwa familia iliyodunduliza ili mama au dada wa kazi aache kuinamia beseni kila Jumamosi tangu alfajiri. Na inaepukika.

Mafundi huulizwa kila mara: mashine ya kampuni gani ni nzuri? Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Mashine hudumu inapopata maji na umeme ilioundiwa, na inapokuwa karibu na fundi anayeweza kuifungua. Nyumba ya Mikocheni yenye maji ya bomba yanayosukuma vizuri na nyumba ya Chamazi inayotegemea kisima na simtanki hazifai kununua mashine ya aina moja, hata kama wenyewe wana fedha sawa mfukoni.

Ilikufa kwa nini?

Kabla hujaiuza iliyoharibika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwite fundi akwambie kilichoiua. Dalili nyingi zinasomeka hata kwa asiye fundi. Mashine iliyokuwa ikinguruma kwa kishindo wakati wa kukamua, na pipa lake la ndani likacheza unapolisukuma kwa mkono, imekufa beringi. Iliyogoma kuwaka mara tu umeme ulipokatika na kurudi, mara nyingi imeungua bodi ya kielektroniki. Iliyokuwa ikikaa muda mrefu bila kujaa maji hadi inatoa alama ya hitilafu ilikuwa inakosa presha, au kichujio kidogo cha mdomo wa bomba lake kilizibwa na mchanga. Ile ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, inayovuma bila kuzunguka huwa imeharibika kapasita au imekatika mkanda.

Kapasita, mkanda, kichujio na pampu ya kutolea maji ni matengenezo ya kawaida. Usinunue mashine mpya kwa sababu ya vitu hivyo. Beringi inahitaji tahadhari. Mashine nyingi za kisasa za mlango wa mbele zina tangi la nje lililounganishwa kwa kuyeyushwa plastiki, halina boliti za kulifungua, kwa hiyo beringi ikifa hubadilishwa tangi zima. Gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, ni wakati wa kununua nyingine.

Maji yako yana nguvu gani?

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao, na wengi waliokuwa hawajawahi kufikiria tangi wakanunua. Pembezoni mwa jiji, simtanki juu ya mnara ni jambo la kawaida hata maji yakiwepo. Hapo ndipo mashine nyingi za otomatiki hukwama.

Angalia lebo ya nyuma ya mashine au kitabu chake. Utakuta presha ya maji inayohitajika, mara nyingi imeandikwa 0.05 hadi 0.8 MPa. Sasa piga hesabu: kila mita moja ya kimo cha maji hutoa presha ya karibu 0.01 MPa. Mashine inayodai 0.05 inataka maji yawe juu yake kwa mita tano. Mnara wa mita tatu, ukitoa kimo cha mdomo wa mashine kutoka sakafuni, hautoi hata nusu ya hiyo. Mashine itasubiri maji, itachoka kusubiri, itasimama. Mwenye nyumba atadhani amenunua mbovu.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha kati ya tangi na mashine, ile inayojiwasha bomba linapofunguliwa. Ya pili ni kununua mashine ya matangi mawili, ambayo wauzaji huiita nusu otomatiki. Hiyo haijali presha. Hata ukiijaza kwa ndoo inafua.

Maji yako yana chumvi?

Visima vingi vya Temeke na Kigamboni, hasa vilivyo jirani na bahari, hutoa maji ya chumvi. Ukiyaonja utajua, na sabuni itakuambia, kwa kuwa haitoi povu upesi. Maji haya ni adui mkubwa wa mashine ya mlango wa mbele kwa sababu iliyojificha. Pipa la ndani ni la chuma kisichoshika kutu, lakini nyuma yake linashikwa na msalaba wa alumini wenye mikono mitatu. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa. Alumini ndiyo dhaifu. Siku mkono mmoja ukivunjika wakati pipa linazunguka kwa kasi, mashine huishia hapo. Maji magumu nayo huacha magamba kwenye hita, nayo huchelewa kupasha moto na hatimaye kuungua.

Kama kisima chako ni cha chumvi na huna maji mengine, ushauri wangu hauyumbi: chukua ya matangi mawili yenye matangi na kasha la nje vya plastiki. Plastiki hailiwi na chumvi wala haishiki kutu ya upepo wa bahari. Unayetaka otomatiki kwa vyovyote, itengee tangi la maji ya bomba au ya mvua, na funga kichujio cha mchanga kwenye njia yake.

Umeme wa jioni

Umeme wa TANESCO majumbani ni volti 230, na mashine nyingi zimeundwa kwa 220 hadi 240. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, limepunguza mgao uliotusumbua mwaka uliotangulia. Lakini transfoma ya mtaa iliyoelemewa na nyumba mpya ni tatizo jingine. Mwite fundi umeme mwenye kipimo apime soketi yako saa mbili usiku, wakati kila nyumba inatumia. Ukikuta volti 180, mota ya kawaida itavuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ileile, itapata moto na kufupisha maisha yake.

Tofautisha vifaa viwili. Kinga ya friji hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, kisha huchelewa kuurudisha; inaokoa bodi isiungue umeme unaporudi kwa kishindo, lakini haiongezi volti. Stabilaiza ndiyo inayoinua umeme mdogo. Kwa mashine ya matangi mawili, stabilaiza ya VA 1,500 hadi 2,000 inatosha. Kwa ya mlango wa mbele yenye hita ya wati 2,000, usishuke chini ya VA 3,000. Na usiiwashe kwa ekstensheni nyembamba. Hii ni mashine inayoshikwa na mikono yenye maji, kwa hiyo waya wa ardhini lazima uwe unafanya kazi kweli. Fundi aupime, asiuangalie tu kwa macho.

Ya matangi mawili, mlango wa juu, mlango wa mbele

Ya matangi mawili ina taima ya kuzungusha kwa mkono na kwa kawaida haina bodi. Inavumilia maji ya ndoo na kukatika kwa umeme, na karibu kila fundi wa mtaani anaijua. Inataka mtu wa kuhamisha nguo kutoka tangi la kufulia kwenda la kukamulia, na inakunywa maji mengi, zaidi ya lita 100 kwa mzigo ukisuuza mara mbili.

Otomatiki ya mlango wa juu inamaliza kazi yenyewe, na unaweza kuongeza soksi iliyosahaulika katikati ya kazi. Nyingi hazina hita. Nayo hutumia maji mengi, na ina bodi ya kulindwa.

Ya mlango wa mbele inafua vizuri zaidi na hutumia maji machache, kama lita 50 kwa mzigo wa kilo saba. Familia inayofua mara 12 kwa mwezi itaokoa lita 600 au zaidi ikilinganishwa na hizo nyingine, yaani zaidi ya nusu ya simtanki la lita 1,000. Kwa anayenunua maji ya boza, huo ni mzigo uliotua. Lakini ndiyo inayodai zaidi: presha, maji safi, umeme tulivu, sakafu iliyonyooka, na sabuni isiyo na povu jingi. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono huijaza povu hadi isimame.

Hofu ya LUKU imekuzwa kupita kiasi. Kufua kwa maji baridi kunakula karibu theluthi moja ya uniti, na mteja wa daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kufua kwa nyuzi 60 kunakula kama uniti nzima, kwa sababu hita ndiyo mla umeme. Nasi tuna bahati: maji ya bomba ya Dar es Salaam yana joto la kutosha kwa nguo nyingi bila hita. Achia nyuzi 60 mashuka ya mgonjwa na nepi.

Kilo zilizoandikwa ni za nguo kavu. Kwa watu watano au sita, chukua saba au nane. Kwenye ya matangi mawili soma namba zote mbili, kwani tangi la kukamulia hubeba pungufu. Blanketi zito lililoshindiliwa kwenye mashine ndogo huua beringi upesi kuliko miaka ya kufua kanga na sare za shule. Kasi ya kukamua isikuvutie sana: mizunguko 800 kwa dakika inatosha kwa jua letu, ingawa wakati wa masika kasi zaidi husaidia.

Mashine ya mtumba

Mashine ya mtumba kutoka Ulaya inaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei chee. Kwanza soma lebo: iandikwe volti 220 hadi 240 na Hz 50. Za Marekani na Kanada ni volti 120 na Hz 60. Za Japani ni volti 100. Transfoma ndogo itarekebisha volti, ila haibadilishi Hz, na mota nyingi za Hz 60 zikiwekwa kwenye umeme wetu huzunguka polepole na kupata moto. Kisha zungusha pipa kwa mkono ukisikiliza, liinue na kulishusha uone kama linacheza, na dai iwashwe ikiwa na maji ndani hadi ikamue. Muuzaji anayekataa kuijaribu amekujibu.

Dukani

Stika ya waranti ya miaka 10 huwa ni ya mota peke yake, na mota ni kati ya vitu visivyokufa upesi. Uliza waranti ya bodi, pampu na kazi ya fundi ni ya muda gani, na nani atalipa usafiri. Kisha omba uonyeshwe pampu ya kutolea maji ya modeli hiyo. Duka lenye spea litaitoa. Lisilonayo litakuambia njoo wiki ijayo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, watengenezaji wanalazimika kuhakikisha spea muhimu za mashine za kufulia zinapatikana kwa angalau miaka 10. Mnunuzi wa Tandika halindwi na sheria hiyo, kwa hiyo ajilinde mwenyewe kwa kuuliza. Amuulize pia fundi wa mtaa wake ni mashine zipi anazifungua kila wiki na zipi huzikataa. Jina kubwa ambalo fundi wako hana spea zake halitakufaa kitu.

Dai risiti ya EFD na waranti yenye namba ya mashine. Hizo ndizo karatasi utakazoshika ukilazimika kulalamika kwa Tume ya Ushindani, FCC.

Nimalizie na fedha, kwa sababu hapo ndipo uamuzi hupotoshwa. Wengi hutumia bajeti yote kwenye mashine, kisha hukosa ya kununulia stabilaiza na pampu. Geuza mpangilio. Toa kwanza gharama ya stabilaiza, ya pampu ya presha kama unategemea tangi, ya kichujio na ya fundi wa kufunga. Kinachobaki ndicho cha kununulia mashine. Kama kinatosha ya matangi mawili tu, nunua hiyo kwa moyo mweupe: iliyopata umeme na maji yake sawasawa itakufulia miaka mingi baada ya ile ya kifahari ya jirani kupelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu.