Amri ya Moyo na Ipite Njia Yake

Kila askari ajua kwamba amri isiyopitia ngazi zake huleta vurugu. Safu ya kulia huondoka ilhali ya kushoto ingali imesimama, na gwaride huharibika ijapokuwa hakuna aliyeasi. Ndivyo ulivyo moyo wa binadamu.

Amri ya kila pigo hutoka katika fundo dogo lililo juu ya moyo, upande wa kulia. Hushuka kwa fungu la nyuzi ambalo daktari Wilhelm His alilieleza mwaka 1893. Mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara alionyesha jinsi nyuzi hizo zinavyoungana na kutawanyika. Kwa njia hiyo vyumba viwili vya chini hujikaza kwa pamoja.

Njia hiyo ikikatika, mapigo hupungua mno. Mgonjwa huzirai, naye aweza kufa. Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, daktari Åke Senning alimtia Arne Larsson mashine ya kuuchochea moyo, iliyoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Ya kwanza ilidumu saa chache tu. Lakini Larsson, baada ya kubadilishiwa mara nyingi, aliishi hadi mwaka 2001.

Kwa miaka mingi waya wa mashine hiyo ulikazwa katika ncha ya chumba cha chini cha kulia, kwani hapo hufikika kwa urahisi. Lakini umeme uanziao hapo hupenya nyama polepole: kulia hutangulia, kushoto hufuata. Miaka ikipita, mioyo ya baadhi ya wagonjwa hutanuka na kudhoofika.

Mwaka 2000 Pramod Deshmukh na wenzake, huko Marekani, walieleza namna ya kuuweka waya kwenye fungu la His lenyewe. Mahali hapo ni padogo, na mara nyingi hudai umeme mwingi umalizao betri mapema. Mwaka 2017 Weijian Huang na wenzake wa China walieleza njia nyingine: waya hukazwa kama skrubu ndani ya ukuta ulio kati ya vyumba vya chini, hata ulifikie tawi la kushoto la nyuzi zile. Kazi hiyo yataka mkono uliozoea, maana ukuta waweza kutobolewa. Wala si kila mgonjwa aihitajiye. Ambaye moyo wake huitegemea mashine kwa nadra, waya wa zamani waweza kumtosha.

Basi, ndugu askari, uzimiapo bila sababu, mwone daktari upesi. Kuficha ugonjwa si ushujaa.